Karatasi za Alhamisi

Mimi ni mwanamke mwenye wivu. Nalisema mwanzoni kabisa, maana waliokuwa Mkuyuni enzi zile wakisikia nimelificha watanicheka. Wapo wanawake ambao wivu wao hununa ukakaa jikoni. Wangu ulikuwa na miguu. Ulitoka nje, ukaenda kwa majirani, ukauliza.

Naitwa Teodora, mtu wa Bukumbi. Masista walinifundisha kusoma, kuandika, na kupiga pasi mashati ya watu wengine. Mwaka wa thelathini na tatu nikaolewa na Luhaga, mfunga marobota katika jineri ya Mkuyuni, yaani kile kinu cha kuchambua pamba kilichokuwa karibu na ziwa. Luhaga alikuwa mrefu, mwenye meno meupe, mcheza ngoma wa kundi la Wagalu. Msimu wa ngoma ukifika, baada ya mavuno, wanawake walitoka hata kijiji cha Usagara kuja kumtazama anavyokanyaga. Aliutupa mguu wa kushoto kwa nguvu kuliko wa kulia, na tabia hiyo ilimganda hata akienda dukani kununua chumvi. Nikiwa nimefumba macho ningemjua kwa kishindo. Shika neno hilo, tutalirudia.

Tulikaa miaka mitano bila mtoto. Mama yake akija kututembelea alitazama tumbo langu kwanza, ndipo akaitikia shikamoo yangu. Siku moja alisema, huku anachambua mchicha, kwamba asiye na mwana aeleke jiwe, na Mwanza mawe hayana mwenyewe. Nilicheka naye. Nilipoingia ndani nililia mpaka nikashikwa na kwikwi. Mwanamke aliyetolewa ng'ombe na hajazaa anajua kwamba mlango wa nyumba yake hauna komeo. Mimi sikuwa na mtoto, sikuwa na mama, sikuwa na shamba. Nilikuwa na Luhaga, basi, na nilimlinda kama maskini anavyomlinda kuku wake mmoja.

Fundi mkuu wa injini pale jineri alikuwa Bwana Mahesh, Mhindi mpole asiyepandisha sauti hata injini ikimtemea mafuta usoni. Aliishi na dada yake, Bibi Daksha. Huyu alikuwa amepita miaka thelathini bila kuolewa. Alisoma Bombay mpaka chuo, akavaa miwani mizito, na msuko wake mmoja ulifika kiunoni. Ndugu hawa wawili walitengeneza mashine kwa mikono yao. Nyuma ya jineri, kati ya yale majabali makubwa, palikuwa na shimo kama pango. Humo ndimo walimoiweka, wakatia mlango na kufuli. Wafanyakazi waliiita Sikio, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kusikiliza ardhi.

Ilikuwa hivi. Chuma kizito kilining'inizwa kwa waya, na kutoka kwenye chuma hicho ulitoka mkono mrefu wenye sindano nchani. Sindano iligusa karatasi iliyopakwa masizi ya taa, na karatasi ilizungushiwa kwenye pipa dogo lililozungushwa na mtambo wa saa. Ardhi ikitikisika, chuma kinasita, na sindano inachora mstari mweupe uliopinda katika ule weusi. Karatasi ilibadilishwa kila siku, ikapakwa vanishi ili masizi yasifutike, ikaandikwa tarehe na kuwekwa stoo. Bibi Daksha alitaka mtu mwenye vidole vyepesi wa kupaka masizi. Katika wanaume wote wa jineri, akamchagua mume wangu.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Luhaga alirudi nyumbani ananuka mafuta ya taa, na kila sentensi yake ilianza na "Daksha anasema". Daksha anasema ardhi haijatulia hata siku moja. Daksha anasema katikati ya dunia kuna chuma. Nikamwambia, "Na Teodora anasema ugali unapoa. Njoo ule." Akacheka, akala, lakini macho yake yalikuwa kwingine. Mimi macho hayo nilikuwa nayajua, maana kuna wakati yalikuwa yangu.

Halafu ikaja habari ya Alhamisi. Kila Alhamisi boila la jineri, lile tangi la mvuke wa injini, lilizimwa saa sita mchana ili lioshwe, na injini haikuwashwa tena mpaka saa kumi. Luhaga aliniambia kwamba saa hizo nne ndizo saa za kazi ya Sikio, kwa kuwa hakuna kelele, na kwamba yeye hukaa shimoni kuilinda. Sawa. Mke mwenye akili angeridhika. Mimi nikamwendea Ngosha, mlinzi wa lango, nikamletea viazi vya kuchemsha.

"Alhamisi shimo linafungwa," Ngosha akasema, mdomo umejaa. "Amri ya Bibi Daksha. Haruhusiwi mtu kusogea hata kwa kukosea njia."

"Na mume wangu?"

"Mume wako yuko kazini, mama." Alilitazama ziwa wakati anasema hivyo. "Tena Bibi anampenda. Kila Alhamisi anampa kifurushi. Ladu, jalebi, vile vitamu vya Kihindi, na majani ya chai ya iliki. Vitu vya nyumbani kwao."

Ladu na jalebi. Katika nyumba yangu haikuwahi kuingia hata chembe ya sukari ya mtu huyo. Nikajiuliza, kifurushi kinatolewa kila Alhamisi, kinaliwa wapi? Jibu lilinijia lenyewe. Kinaliwa shimoni, mlango umefungwa kwa ndani, mume wangu ameketi kwenye mkeka wa mwanamke mwenye msuko wa kiunoni. Dalili ya mvua ni mawingu, na mimi nilishaona wingu, radi na ukungu.

Tangu siku hiyo nikawa sili vizuri. Alhamisi zote nilikuwa nikifua suruali yake jioni, nikiinusa kabla ya kuitia majini. Ilikuwa na vumbi jekundu mpaka magotini na mbegu za majani zilizonasa kwenye pindo. Nilizibandua moja moja, nikazitupa. Sikujiuliza ndani ya pango la mawe mbegu za majani zimetoka wapi. Wivu una macho makali, lakini unatazama upande mmoja tu.

Nikaomba kazi jineri. Wanawake walichambua pamba pale, ile nyeupe wakaiita safi, na ile yenye madoa wakaiita fifi, kila moja kwenye gunia lake. Nilichambua mwezi mzima, macho yangu yakiwa kwenye njia ya kwenda shimoni. Nilimwona Luhaga akiingia asubuhi na karatasi mpya na kutoka na ya jana. Nilimwona Bibi Daksha akimfuata kwa hatua ndogo za haraka, vikuku vya miguuni vikilia. Walizungumza. Bibi alimchekea. Siku moja alimwondolea uzi wa pamba begani, na mimi nikatia fifi kwenye gunia la safi mara tatu, msimamizi akanikaripia.

Nikaona kukaa mbali hakunisaidii. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikamfuata Bibi Daksha kwenye baraza yake.

"Bibi, na mimi nataka kujifunza kuzisoma zile karatasi."

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la sari. "Kwa nini, Teodora?"

"Napenda elimu," nikasema. Mungu anisamehe.

Kumbe hakuna neno jingine ambalo lingemfurahisha zaidi. Alinivuta ndani, akanipa kiti, akatandaza karatasi mezani. Tangu siku hiyo kila saa ya mapumziko nilikuwa naye, na kila nilipozidi kumjua ndivyo nilivyozidi kumchukia, kwa sababu alikuwa mwema. Adui mbaya unamtukana, unalala. Adui anayekutilia chai utamfanya nini?

Alinifundisha haraka. Huu mkwaruzo mnene ni injini. Hiki kinachokuja kikazidi kisha kikapungua ni treni inayoingia stesheni. Huu mtetemo mpole usiokoma ni mawimbi ya ziwa yanayopiga mwambani siku za upepo. Na hivi vidoa vinavyofuatana ni hatua za mtu anayetembea karibu na shimo.

"Hata hatua za mtu?" nikauliza.

"Za mtu, za ng'ombe, za mbuzi. Sikio halichagui."

Nikaweka kidole juu ya vidoa vya asubuhi ya siku hiyo. Kizito, chepesi, kizito, chepesi. Alikuwa Luhaga, mguu wa kushoto kwanza. Pembeni yake vidogo vya haraka, vya yule aliyeketi mbele yangu anakoroga chai. Nilikuwa nimepata shahidi asiyeweza kuhongwa viazi.

Siku moja nikamuuliza, yote haya ya nini. Alinipeleka mpaka kwenye mashine ya kufunga marobota, mahali mume wangu alipofanyia kazi. Alinipa pamba nishike. Nilishika, ilikuwa laini, haina uzito. Kisha Luhaga na wenzake wakashindilia pamba ile ile ndani ya sanduku la mashine, wakaikaza, wakaikaza tena, mishipa imewasimama shingoni, wakalifunga robota kwa mikanda ya chuma.

"Sasa gonga," Bibi Daksha akasema.

Nikagonga. Ilikuwa kama kugonga ubao.

"Pamba ni ile ile. Hakuna aliyetia kitu ndani yake. Imebanwa tu, ikawa na tabia nyingine. Na dunia ni hivyo. Chini ya miguu yetu jabali limekaliwa na jabali, mpaka katikati. Huko katikati kuna chuma, na joto la huko linatosha kabisa kukiyeyusha. Sehemu ya nje ya kiini hicho kweli imeyeyuka, ni majimaji. Lakini ndani zaidi uzito umezidi mno. Chuma hakipewi nafasi ya kuyeyuka. Kinabaki kigumu, na joto lake lote liko humo humo."

"Kwa hiyo kinataka kuyeyuka, ila kimekaliwa."

"Kimekaliwa na dunia nzima," akasema. Akaniambia sayari nyingine nazo ni hivyo, kila moja inajikalia yenyewe, na uzito wake ndio unaoamua ndani yake pawe vipi. Ndogo hujibana kidogo. Ile kubwa, Mshtarii, wataalamu wanadhani imeibana hata hewa yake mpaka huenda imekuwa na tabia ya chuma.

Nilimtazama Luhaga. Alikuwa anajifuta jasho, anamchekea Bibi Daksha. "Nimeelewa," nikasema. Nilielewa kuliko alivyodhani.

Akanieleza na kitu alichokuwa akikingoja. Tetemeko kubwa likitokea upande wa mbali wa dunia, mawimbi yake hupita ndani kwa ndani. Lakini yale majimaji ya kiini huyapinda, ikabaki sehemu ambayo hayafiki, mfano wa kivuli. Visiwa fulani vya mashariki ya mbali, kupita Nyugini, vikitikisika, Mwanza iko kivulini. Panatakiwa kuwa kimya. Ila miaka miwili kabla yake mama mmoja msomi huko Ulaya alikuwa ameandika kwamba ndani ya kivuli hicho hufika kitu kidogo, dhaifu sana, kama dakika kumi na tisa baada ya tetemeko, na kwamba kitu hicho kisingeweza kufika kama katikati ya majimaji hakuna tufe gumu la kukirudisha. Bibi Daksha alitaka kukiona kwenye karatasi ya Mkuyuni. Alikingoja kama watu wanavyongoja mtoto. Aliposema hivyo nikanyanyuka, nikamwambia kichwa kinaniuma.

Nikaanza kuzitafuta Alhamisi.

Nilikuwa nimepewa ufunguo wa stoo ili nipake vanishi. Nilizitoa karatasi za Alhamisi za msimu mzima, nikazitandaza sakafuni, nikapiga magoti. Asubuhi injini, mkwaruzo mnene. Saa sita injini inazimwa. Kizito, chepesi, kizito, chepesi, hatua za Luhaga zinakuja shimoni, na zile ndogo za haraka ziko naye, zikavurugana mlangoni, za kuja na za kwenda hazitofautiani. Kisha kimya. Saa saba kimya. Saa nane kimya. Saa tisa kimya. Saa kumi injini.

Mtu mwenye moyo uliotulia angeona karatasi hizo akasema, hapana mtu pale. Mimi nilisema, wamo ndani, nao hawatembei. Watu wawili wakae pamoja saa nne bila kupiga hatua hata moja, wanafanya nini? Nililia juu ya karatasi ya kwanza. Juu ya ya pili nikatukana kwa Kisukuma. Kufikia ya saba nilikuwa nimekauka.

Wiki hiyo orodha ya matetemeko ya dunia ilimfikia Bibi Daksha kwa posta. Alikuwa mnyonge, hazungumzi, ameweka mkono shavuni. Nikajua ni mapenzi. Nikarudi stoo, na katika karatasi ya Alhamisi moja ya mwezi uliopita nikakiona nilichokuwa nakitafuta. Juu yake Bibi alikuwa ameweka alama ya msalaba kwa kalamu nyekundu, kama mtu aliyekataa kitu. Lakini kwenye saa tisa na dakika thelathini na nne, katikati ya ule ukimya, mstari ulitetemeka. Kidogo tu. Mtu asiye na wivu asingeuona. Haukuwa hatua, haukuwa ziwa. Ulianza, ukatulia, ukaanza tena, mpaka injini ya saa kumi ikaja kuufunika.

Za mwizi arobaini, nikasema moyoni. Hapa walijisahau.

Nilitoka na karatasi ile mpaka uani. Ilikuwa saa ya mapumziko. Bwana Mahesh na dada yake walikuwa kwenye meza yao chini ya paa la bati, Luhaga amesimama karibu nao na makopo ya masizi, Ngosha yuko langoni, na wachambuaji wenzangu wamekaa juu ya magunia wanakula mihogo. Nikaitandaza karatasi mbele ya Bibi Daksha, juu ya sahani yake.

"Umenifundisha kusoma," nikamwambia. "Sasa nakusomea. Alhamisi. Saa sita mnaingia, mume wangu na wewe. Mnafunga mlango. Saa saba mmenyamaza. Saa nane mmenyamaza. Hamtembei, maana mnakula ladu. Na hapa, dakika ya thelathini na nne, hebu niambie mbele ya kaka yako, hapa mlikuwa mnafanya nini?"

Hakuna aliyetafuna. Luhaga akanishika mkono. "Teodora, twende nyumbani." Sauti yake ilikuwa ya chini, na mkono wake ulikuwa wa baridi. Nilidhani ni aibu.

"Mwache," Bibi Daksha akasema. Hakuwa ananitazama. Alikuwa ameiinamia karatasi mpaka miwani ikakaribia kuigusa. "Dakika ya ngapi ulisema?"

"Ya thelathini na nne. Usijifanye hujui."

Akachukua kioo chake cha kukuzia. Akavuta ile orodha, akaweka kidole. "Saa tisa na robo," akamwambia kaka yake. "Kumi na tisa. Mahesh, dakika kumi na tisa." Bwana Mahesh akasimama, akainama naye. Wakazungumza Kigujarati haraka haraka, kisha Bibi Daksha akakaa chini, akaanza kulia, huku anacheka, na akaushika mkono wangu uliokuwa tayari kumpiga kofi.

"Niliitazama mara tatu nikasema hakuna," akaniambia. "Nikaweka msalaba. Wewe umeiona. Ndiyo ile, Teodora. Imepita katikati. Imepita kwenye ule ugumu."

Nilisimama kama mti. Nilikuja kugombana, nikapokelewa kama mtu aliyeleta posa. "Usinizungushe," nikasema. "Ni nyinyi. Mlikuwa shimoni."

"Shimoni?" Alishangaa kweli. "Kama tungekuwa shimoni hii isingeonekana kamwe. Mtu akipumua tu karibu ya sindano anaifunika. Alhamisi hapana mtu. Ndiyo amri yenyewe. Luhaga anafunga mlango saa sita, ananipa ufunguo, mimi nakwenda nyumbani kulala, yeye anapanda baiskeli yake."

"Anakwenda wapi?"

Luhaga alisema, "Bibi." Neno hilo moja tu. Lakini Bibi Daksha alikuwa na furaha, na mwenye furaha hasikii.

"Si kwa mama yako, kule Usagara? Tangu augue miguu, nani mwingine wa kumtazama? Ndiyo maana namfungia zile peremende, wazee wanapenda vitu laini. Mama hajambo sasa?"

Mama yangu tulimzika Bukumbi mwaka wa thelathini na mbili. Luhaga hakuwahi hata kumwona.

Nililisema hilo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeulizwa jina la kijiji chake. Bibi Daksha akaziba mdomo kwa kiganja. Bwana Mahesh akaikunja ile orodha, akaikunjua, akaikunja tena. Ngosha kule langoni alikuwa analitazama ziwa, na sasa nikajua kwa nini alipenda kulitazama. Vumbi jekundu. Mbegu za majani kwenye pindo. Maili kumi na zaidi za baiskeli kwenda, maili kumi na zaidi kurudi, na mimi nikizibandua mbegu moja moja kwa kucha zangu.

Kila mtu alingoja nipige kelele, maana walinijua. Hata mimi nilingoja. Nilikuwa na moto ndani wa kuunguza jineri nzima, pamba safi na fifi pamoja, lakini haukupata pa kutokea. Nikamuuliza Luhaga swali moja.

"Anaitwa nani?"

Aliweka chini makopo ya masizi. "Wilhelmina."

Jina la ubatizo, kama langu. Hilo nalo lilinichoma. Nilikuwa nimemwandaa moyoni mwanamke wa nchi nyingine, mwenye msuko na vitabu, ambaye kushindwa naye hakuna aibu. Kumbe alikuwa mtu kama mimi, anayetwanga kama mimi, na bado akachaguliwa yeye.

Luhaga alihama wiki ile ile. Wazee walikaa, wakasema mengi, wakanywa pombe, na mwisho wakaafikiana kwamba ng'ombe wasirudi kwa kuwa aliyevunja ni mwanamume. Waliniona nimeshinda. Bibi Daksha alituma nakala ya karatasi ile Ulaya, akaandika pembeni kwamba wimbi lilionwa kwanza na Teodora wa Mkuyuni. Barua ya kujibu ilipokuja alinisomea mara mbili, inasifu, inasema karatasi yetu itawekwa pamoja na nyingine. Wachambuaji wakanipigia vigelegele. Ningeuza vigelegele vile vyote ili nisikie kishindo cha mguu wa kushoto mlangoni kwangu jioni.

Kazi ya masizi nikapewa mimi. Bibi Daksha aliniomba radhi mara nyingi, kwa kifurushi, kwa kutoniuliza, kwa kufurahi siku ile. Nilimwambia yameisha. Hayakuwa yameisha, ila sasa nilikuwa na mtu mwingine wa kumwonea wivu, naye sikuwa nimemwona hata kivuli. Nilijaribu kumtengeneza kichwani. Mrefu au mfupi, mnene au mwembamba, kijana kunizidi au sivyo. Kila mwanamke aliyepita akitokea njia ya Usagara nilimkagua kuanzia kisigino.

Miezi saba baadaye, Ijumaa asubuhi, nilifungua shimo nikatoa karatasi ya jana yake. Nikaitazama kabla ya kuipaka vanishi, kama kawaida. Saa sita injini ikazimwa, hatua zangu zikaondoka. Saa saba kimya. Saa nane na nusu kulikuwa na watu.

Walitokea upande wa nyuma, njia ya mawe, wasikokaa walinzi. Nilisikia baadaye kwamba Luhaga alikuja kwa Bwana Mahesh kuchukua kipande chake, ile kadi ya kazi. Alichagua Alhamisi kwa kuwa alijua Alhamisi shimoni hakuna mtu, na mimi sitakuwepo kumwona. Alisahau kwamba Sikio lipo.

Kizito, chepesi, kizito, chepesi. Nilikuwa nimekwisha kujua ni nani hata kabla kidole changu hakijafika. Na pembeni yake palikuwa na wa pili. Hatua fupi, za polepole, zote mbili nzito sawasawa, za mtu anayeshusha mguu wote kwa pamoja kwa sababu uzito uko mbele, tumboni. Baada ya hatua chache zilisimama. Za Luhaga nazo zikasimama. Zikaendelea, zikasimama tena, naye akasimama tena. Miaka mitano nilitembea na mwanamume huyo kwenda kanisani, sokoni, na ngomani, na miaka mitano yote alikuwa mbele yangu hatua kumi. Sikujua kwamba anaweza kumngoja mtu.

Bibi Daksha aliingia, akachungulia begani kwangu. "Kuna kitu?"

"Hakuna tetemeko," nikamwambia. "Watu wamepita."

"Basi imeharibika. Itupe."

Nikasema nitaitupa. Alipotoka nikafungua kopo, nikaipaka vanishi taratibu ili masizi yasitoke, nikaandika tarehe. Kisha nikazihesabu. Zilikuwa hatua arobaini na moja kutoka kwenye mawe mpaka ukingo wa uwanja, na alipumzika mara nne, na mara zote nne alingojwa.